Poul la Cour na Kinu Chake cha Upepo

Katika kidato chetu yapo mabishano ambayo hayajakwisha, nayo ni haya: kinu cha upepo kikipelekwa katika sayari nyingine, je, kitatoa umeme? Nimeona njia njema ya kujibu ni kuwasimulia wasomaji maisha ya Poul la Cour, kwa maana yeye aliwafundisha watu kuupima upepo kabla ya kuutumaini.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1846 karibu na mji wa Ebeltoft, nchi ya Denmark. Alisomea elimu ya hali ya hewa, na mwaka 1872 akawa naibu wa mkuu wa idara iliyoshughulikia mambo hayo nchini kwake. Akavumbua pia vyombo vya kupelekea simu za waya. Cheo alikuwa nacho, na sifa alikuwa nazo. Hata hivyo, mwaka 1878 alikwenda zake katika kijiji cha Askov kuwafundisha vijana wa mashambani.

Siku zile taa za umeme zilianza kuwaka mijini, na watu wa mashamba walibaki gizani. La Cour hakupendezwa na jambo hilo. Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu cha upepo cha kufanyia majaribio karibu na shule.

Shida kubwa ilikuwa hii: upepo hauna ahadi. Leo huvuma, kesho hutulia. Basi akaupitisha umeme wa kinu katika maji, ukayatenga kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni, akaziweka akiba. Tangu mwaka 1895 hata 1902 shule iliangazwa kwa taa za gesi hiyo. Mara nyingine gesi ililipuka ikavunja madirisha, lakini mwalimu hakuiacha kazi yake. Tena alipima mapanga ya namna nyingi, akaona kwamba mapanga machache yaendayo mbio hutoa nguvu zaidi kuliko mengi yaendayo polepole.

Sasa turudi kwenye mabishano yetu. Nguvu ya upepo hutokana na mambo mawili: uzito wa hewa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Katika Mirihi hewa ni nyepesi mno, yapata sehemu moja tu katika sehemu 60 za uzito wa hewa yetu. Kwa hiyo upepo wa huko lazima uende mbio karibu mara nne ya wetu ndipo utoe nguvu iliyo sawa. Katika Zuhura mambo ni kinyume. Chini kabisa hewa ni nzito zaidi ya mara 50 kuliko yetu, hata upepo wa polepole una nguvu, lakini joto lake hupita digrii 450, na risasi huyeyuka.

Basi jibu langu ni kwamba kinu chaweza kuzunguka Mirihi, lakini kazi yake itakuwa ndogo, nacho yafaa kiwe kikubwa na chepesi. Hata hivyo tusikidharau. Mwaka 2018 tufani ya vumbi ililifunika jua huko, na gari la Wamarekani liitwalo Opportunity, lililotegemea nguvu za jua, likanyamaza lisiamke tena. Mtu atakayekaa huko itampasa awe na nguvu ya pili, na akiba pia, kama alivyofanya la Cour.

Tangu mwaka 1904 mwalimu huyu aliwafunza vijana kazi ya umeme wa mashambani. Alifariki mwaka 1908. Mmoja wa wanafunzi wake, Johannes Juul, alisimamia ujenzi wa kinu cha Gedser mwaka 1957, na vinu vingi vya leo vyenye mapanga matatu vimefuata mfano wake.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mwaka huu tutaagana, na wengi wetu tumekwisha kuchagua mji wa kukaa. Mimi nayapenda mambo ya sayari kama ninyi. Lakini nikipata elimu ya umeme, kinu changu cha kwanza nitakisimamisha kijijini kwetu, ambako hewa ni nzito ya kutosha na usiku bado ni wa kibatari.