John Charnley: Daktari wa watu ambaye kazi yake inawasaidia mbwa kukimbia tena

Mbwa mkubwa akianza kuchechemea, akasita kupanda ngazi na kukimbia huku akirusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, mara nyingi shida iko kwenye nyonga. Siku hizi, katika nchi zenye hospitali kubwa za wanyama, mbwa wa namna hiyo anaweza kupasuliwa, kiungo kibovu kikatolewa na kuwekewa cha bandia.

Upasuaji huo una asili yake, na haikuanza kwa madaktari wa mifugo. Ilianza kwa Sir John Charnley, bingwa wa mifupa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1982. Nyonga yake iliyofanikiwa ilizaliwa kutokana na nyingine iliyofeli vibaya.

Mtoto wa mwenye duka la dawa

Charnley alizaliwa Agosti 29, 1911 katika mji wa Bury, kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la dawa, mama yake alikuwa muuguzi. Alisomea udaktari Manchester na kuhitimu mwaka 1935.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, daktari wa mifugo wa Boston aitwaye Gerry Schnelle alieleza ugonjwa wa nyonga kwa mbwa. Kichwa cha fupa la paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake. Kinachezacheza, gegedu linasagika, mwisho mfupa unasuguana na mfupa. Ni ugonjwa unaorithiwa, na unawaandama sana mbwa wakubwa kama German Shepherd na Labrador. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba kijana wa Bury angehusika na tiba yake.

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Charnley alijiunga na jeshi kama daktari. Alishiriki kuwaokoa askari kule Dunkirk mwaka 1940, kisha akapelekwa Misri. Huko alipenda kukaa na mafundi wa karakana, akibuni vifaa vya kutibu mifupa iliyovunjika. Tabia hiyo ya ufundi hakuiacha tena.

Nyonga iliyolia kama bawaba

Baada ya vita, Wafaransa wawili, ndugu Judet, walikuwa wamebuni kichwa cha nyonga cha plastiki ngumu. Charnley alikutana na mgonjwa aliyewekewa kifaa hicho. Kila alipoinama, nyonga ililia kama bawaba isiyotiwa mafuta, hadi mkewe akawa anakwepa kukaa naye.

Wengine wangecheka tu. Charnley alijiuliza kwa nini inalia. Jibu alilopata ni msuguano. Kifaa kikisuguana sana, kinavutana na mfupa na kulegea. Kwa hiyo akatafuta vitu viwili: kichwa kidogo cha chuma, na kikombe chenye utelezi mkubwa.

Kichwa alichokifikia hatimaye kilikuwa na kipenyo cha milimita 22 hivi, karibu nusu ya vile vya mwanzo. Ili kukishika kifaa ndani ya fupa, alitumia saruji ya akriliki, ushauri alioupata kwa Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno pale Manchester. Kwa kikombe, alichagua Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango.

Wagonjwa 300 matatani

Kuanzia mwaka 1958, katika hospitali ya Wrightington karibu na Wigan, wagonjwa wapatao 300 waliwekewa vikombe vya Teflon. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Watu waliokuwa hawalali kwa maumivu walirudi wakitembea.

Furaha haikudumu. Ndani ya miaka michache, Teflon ilikuwa imelika. Vumbi lake lilisambaa kwenye nyama za mwili, likaleta uvimbe na kula mfupa. Maumivu yakarudi.

Charnley hakuwakimbia. Aliwarudisha wagonjwa mezani mmoja baada ya mwingine, kurekebisha kazi ya mikono yake mwenyewe. Na ili aelewe kilichotokea, alijiwekea chembe za Teflon kwenye paja lake. Vinundu vikaota. Hapo hakukuwa na ubishi tena: tatizo halikuwa wagonjwa, ilikuwa Teflon.

Muuza gia abisha hodi

Mwaka 1962 alikuja mfanyabiashara aliyekuwa akiuza gia za plastiki kwa viwanda vya nguo. Plastiki yenyewe ilikuwa polithini ngumu ya aina yake. Charnley aliipiga jicho mara moja akaona ni kupoteza muda. Fundi wake, Harry Craven, hakukubali. Aliiweka kwenye mashine ya kupima ulikaji na kuiacha ifanye kazi wiki kadhaa. Ilikuwa karibu haijalika.

Bosi alipooneshwa matokeo, alibadili msimamo. Hii nayo aliijaribu kwenye paja lake, na haikumletea vinundu kama vya Teflon. Novemba 1962 akaanza kuitumia kwa wagonjwa.

Safari hii hakuwa na haraka. Mtu akitaka kutumia kifaa chake, ilibidi kwanza aje Wrightington kujifunza. Matokeo ya muda mrefu aliyachapisha mwaka 1972, miaka kumi baadaye. Aliwaomba pia wagonjwa waruhusu nyonga hizo zitolewe wakishafariki, ili apime zilivyolika.

Vita nyingine ilikuwa vijidudu. Mwanzoni, wagonjwa takriban 7 kwa kila 100 walipata maambukizi. Akajenga kibanda cha kupasulia chenye hewa safi iliyochujwa, na kuwavalisha madaktari mavazi yanayonyonya pumzi yao. Idadi ikashuka hadi chini ya 1.

Malkia alimpa cheo cha Sir mwaka 1977. Alifariki Agosti 5, 1982, akiwa na miaka 70.

Zamu ya mbwa

Miaka ya 1970, madaktari wa mifugo Marekani walianza kuwawekea mbwa wakubwa nyonga za namna hiyohiyo: shina na kichwa cha chuma, kikombe cha polithini, na saruji ya akriliki. Tofauti kubwa ilikuwa vipimo na umbo. Baadaye zikaja nyonga zisizohitaji saruji, ambazo mfupa wenyewe hukua na kuzishika.

Si kila mbwa anahitaji haya. Mwenye shida ndogo husaidiwa na dawa, kupunguzwa uzito na mazoezi ya kiasi. Mbwa mdogo mara nyingi hukatwa tu kichwa cha fupa la paja, na misuli inashika kazi. Nyonga ya bandia ni ghali, inahitaji daktari aliyebobea, na hatari zake ni zilezile alizopambana nazo Charnley: kuchomoka, kulegea na maambukizi.

Lakini kuna tofauti moja nzito. Binadamu nyonga ikimsumbua, atasema. Mbwa atanyamaza na kuchechemea kidogo kidogo, pengine hadi mambo yameharibika. Kwa hiyo daktari akimwambia mwenye mbwa amrudishe kwa eksirei hata kama anakimbia vizuri, asione ni usumbufu. Wale wagonjwa 300 wa Wrightington nao walitembea vizuri mwanzoni.