Mwalimu Julius Kambarage Nyerere (1922–1999): Mwalimu wa Pugu na Elimu ya Maisha

Injili ilipofika Uzaramo katika miaka ya 1890, kwenye vituo vya Kisarawe na Maneromango, ilifika pamoja na shule. Kwa miaka mingi mwalimu na mwinjilisti walikuwa mtu mmoja: siku ya Bwana aliongoza ibada, na siku za juma alisimama mbele ya ubao. Kwa sababu hiyo historia ya usharika ni historia ya walimu pia, na katika kumbukumbu ya miaka mia moja inafaa kumtaja mwalimu aliyejulikana kuliko wote katika nchi hii. Mwalimu Nyerere hakuwa Mlutheri wala mzaliwa wa Pwani. Hata hivyo kazi yake ya mwisho darasani aliifanya katika vilima vya Pugu, kwenye njia ya kwenda Kisarawe, na swali alilolibeba kutoka darasani hadi Ikulu lingali linaulizwa katika kila nyumba ya Gwata yenye mtoto shuleni: akishamaliza shule, mtoto huyu ataishije?

Kuzaliwa na kusoma kwake

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 huko Butiama, karibu na Ziwa Viktoria. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alikuwa mtawala wa Wazanaki. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi. Ingawa alikuwa mwana wa mtemi, Kambarage alikua kama watoto wengine wa kijiji. Alichunga, alilima pamoja na mama yake, na alikaa na wazee akicheza bao na kusikiliza mazungumzo yao. Kabla hajashika kitabu alikuwa tayari amepata mafunzo ambayo kila kabila liliwapa watoto wake. Wazaramo nao walikuwa na jando kwa wavulana, na walikuwa na makungwi waliomfunda mwali ndani ya nyumba mpaka alipotolewa. Mafunzo hayo hayakumtenga mtoto na maisha ya watu wake. Aliyefundishwa kulima alilima, na aliyefundishwa kutunza nyumba alipewa nyumba aitunze.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipelekwa katika shule ya Mwisenge, Musoma. Mwaka 1937 aliingia Shule ya Serikali ya Tabora, ambako wana wa watemi na wanafunzi bora wa nchi walikuwa wakiandaliwa kuutumikia utawala wa kikoloni. Alibatizwa katika Kanisa Katoliki mwezi Desemba 1943, akachukua jina la Julius. Mwaka huo huo alianza masomo ya ualimu katika Chuo cha Makerere, Uganda. Alipomaliza mwaka 1945 alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarejea nyumbani mwaka 1952 akiwa na shahada yake.

Miaka ya Pugu

Mwanzoni mwa mwaka 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel Magige, na akaanza kufundisha katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, shule ya sekondari ya Kanisa Katoliki. Kutoka Pugu hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita ishirini hivi. Mwalimu huyu kijana alijulikana kwa kuutembea mwendo huo kwa miguu mwishoni mwa juma, ili akutane na wenzake wa Tanganyika African Association, chama ambacho kilimchagua kuwa rais wake mwaka huo huo wa 1953. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kilizaliwa upya kwa jina la TANU.

Machi 1955 alikwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa juu ya haki ya Tanganyika kujitawala. Aliporudi alitakiwa kuchagua moja kati ya siasa na ualimu. Alikuwa na mke na mtoto mchanga, na mshahara wa Pugu ndio uliokuwa riziki yake ya hakika. Mwezi huo huo wa Machi aliacha kazi, akarudi kwao Uzanaki kwa muda kabla ya kuanza kuizunguka nchi. Tangu siku hiyo hakuajiriwa tena kama mwalimu, lakini jina la Mwalimu halikumtoka. Wananchi waliendelea kumwita hivyo alipokuwa Waziri Mkuu mwaka 1961, alipokuwa Rais mwaka 1962, na hata baada ya kung'atuka.

Elimu ya Kujitegemea

Nchi ilipopata uhuru, shule zake zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya wachache. Mtoto aliingia darasa la kwanza akilenga kwenda sekondari, na aliyekwenda sekondari alilenga kiti cha ofisini. Aliyeshindwa mtihani alirudi kijijini akijiona ameshindwa maisha. Serikali ya uhuru iliongeza shule, lakini lengo hilo halikubadilika upesi. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais aliwarudisha makwao karibu mia nne, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Alikuwa ameona kwamba shule ilikuwa ikiwafundisha vijana kuihesabu elimu kuwa deni ambalo wananchi wanapaswa kuwalipa.

Azimio la Arusha lilitangazwa mwezi Februari 1967. Mwezi uliofuata Mwalimu alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Hesabu aliyoitumia ilikuwa nyepesi kueleweka: mwaka huo, katika kila watoto mia moja waliomaliza shule ya msingi, ni kumi na watatu hivi tu ambao wangepata nafasi ya kuendelea na masomo. Waliobaki, zaidi ya themanini, walikuwa wamefundishwa kwa miaka yote kana kwamba nao wangekwenda huko. Kwa hiyo alidai kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imwandae mtoto kwa maisha ambayo wengi wangeyaishi, yaani maisha ya kijijini, na imfundishe kufikiri, kushirikiana na wenzake na kujiamini.

Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na alieleza kwa makini jinsi ya kuvitumia. Shamba lilikuwa sehemu ya somo. Wanafunzi wapange wenyewe, pamoja na walimu wao, nini cha kupanda. Watie mbolea sehemu moja na kuiacha nyingine, kisha wapime tofauti ya mavuno. Watunze hesabu ya mapato na matumizi. Na waamue kwa pamoja matumizi ya faida. Mtoto aliyepitia hayo angejua hesabu kwa sababu amezitumia, na angejua maana ya kikao kwa sababu amekaa humo na kutoa shauri lake. Katika mpango huo mwalimu alikuwa na kazi ngumu kuliko ya kukaririsha, maana alitakiwa kushika jembe pamoja na wanafunzi. Mwalimu Nyerere alilionyesha hilo kwa mwili wake: alifyatua matofali pamoja na wanakijiji wa Chamwino, Dodoma, akiwa Mkuu wa Nchi.

Mashamba ya shule na matokeo yake

Mpango huo ulileta matunda na majonzi. Palipokuwa na mwalimu aliyeelewa, shule zilikuwa na bustani, mabanda ya kuku na chakula cha wanafunzi, na watoto waliondoka na ujuzi mikononi. Pasipokuwa na mwalimu wa namna hiyo, shamba liligeuka kuwa adhabu. Mchelewaji alipewa matuta ya kulima. Mazao yalivunwa bila mtoto kuambiwa yalikokwenda, na mzazi alilalamika kwamba amempeleka mwanawe shule ajifunze, naye amefanywa kibarua. Jembe lilikuwa lile lile. Tofauti ilitokana na mwalimu aliyelisimamia.

Mitihani nayo iliendelea kuwa na nguvu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliharakisha mpango wa kumpa kila mtoto elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Walimu walikuwa wachache mno, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu huko huko vijijini huku wakifundisha. Wengi wao walijitoa kwa moyo, lakini kijana ambaye yeye mwenyewe hakupata kuonyeshwa kazi hakuweza kuionyesha kwa urahisi.

Jambo zito zaidi lilitokea nje ya madarasa. Mwaka 1968 Mwalimu alikuwa ameandika kwamba watu hawaendelezwi kwa nguvu, bali hujiendeleza wenyewe. Novemba 1973 yeye mwenyewe alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri. Katika operesheni zilizofuata, watu wa Pwani kama wa mikoa mingine waliacha mikorosho na minazi yao, na mahali pengine nyumba zilivunjwa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi. Mwanafunzi anayeswagwa hajifunzi kujitegemea. Hujifunza kumngoja anayemswaga. Somo hilo Mwalimu alilijua na kulifundisha vizuri kuliko wengi, na watendaji wake walipolisahau, wananchi ndio waliolipa. Katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alikiri mbele ya taifa kwamba nchi ilikuwa bado haijafikia kujitegemea.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliyagusa makanisa moja kwa moja, kwani kwayo shule zao zilizokuwa zikipata ruzuku ziliwekwa chini ya serikali. Walutheri, kama wenzao Wakatoliki na Waanglikana, waliacha majengo na madarasa waliyoyajenga kwa sadaka za waumini. Nia ilikuwa njema, kwamba mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake, na watoto wengi wa Kiislamu na wa Kikristo walikaa dawati moja kwa sababu hiyo. Hata hivyo yule mwalimu wa zamani, aliyemjua mtoto shuleni, kanisani na nyumbani kwao, alitoweka taratibu.

Kibaha na vyuo vya wananchi

Mojawapo ya alama za kazi yake ipo jirani kabisa na Gwata. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilikubaliana na nchi tano za Kaskazini mwa Ulaya, yaani Denmark, Finland, Iceland, Norway na Sweden, kujenga huko Kibaha kituo chenye shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na huduma ya afya. Kituo kilielekezwa kwa maadui watatu, ujinga, maradhi na umaskini, na mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa Watanzania, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Kijana alijifunza sayansi, na karibu naye mkulima alijifunza kufuga kuku na ng'ombe.

Kuanzia mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vilianzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo idadi yake ilipita hamsini. Kimojawapo kiko Kibaha. Humo walifundishwa useremala, uashi, ushonaji na kilimo, bila kuulizwa alama za mtihani. Wazo la vyuo hivyo lilitoka kwa Mchungaji Mlutheri wa Denmark, N. F. S. Grundtvig (1783–1872), aliyetaka mkulima wa kawaida apate shule inayomfundisha kuishi. Hivyo mawazo ya mchungaji yule na ya Mkatoliki wa Butiama yalikutana katika ardhi ya Pwani.

Mwisho wa safari yake

Mwalimu aliacha urais mwezi Novemba 1985, akarudi Butiama kulima shamba lake. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1967 watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Hiyo ni kazi ya walimu wa madarasa ya jioni, waliokaa na wazee chini ya miembe na kwenye magodauni ya vyama vya ushirika. Katika uzee wake aliyatia Maandiko Matakatifu katika tenzi za Kiswahili. Alifariki dunia huko London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Baada yake, mtaala wa mwaka 2005 ulikuwa na somo la Stadi za Kazi katika shule za msingi, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari. Majina yamebadilika, lakini hoja ni ile ya mwaka 1967. Historia ya Mwalimu inaonyesha mahali inapofaulu na mahali inapokwama. Stadi za maisha haziingii kwa mtoto kwa kuandikwa katika ratiba. Huingia pale mtu mzima anapoinama naye juu ya tuta, au juu ya cherehani, au juu ya daftari la mapato, akamweleza sababu ya kila hatua, kisha akamwachia aamue na ale jasho lake. Walimu wa kwanza wa Uzaramo walifanya hivyo kwa Biblia mkono mmoja na jembe mkono wa pili. Kwa miaka mia inayoanza, mtoto wa Gwata anamhitaji mwalimu wa namna hiyo shuleni, nyumbani na usharikani.