Alexis Carrel, munganga aliyefundishwa na mushonaji

Bandugu watumishi wa mine na jamaa zenu, leo tunawaletea maisha ya munganga mumoja wa Ufaransa ambaye kazi yake inatugusa sisi tunaoweka mikono kwenye mashini kila siku.

Alexis Carrel alizaliwa mwaka 1873 karibu na Lyon, muji wa hariri. Baba yake alikufa yeye akingali mutoto, mama njo alimulea. Akasoma unganga pale pale Lyon.

Tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 1894, mutu mumoja alimuchoma Rais Sadi Carnot kisu katika muji huo. Kisu kilikata mushipa mukubwa wa damu karibu na ini. Waganga wa maana walikuwapo, lakini hakuna aliyejua kushona mushipa wa namna ile. Usiku ule ule rais akakufa. Carrel, kijana wa miaka 20, hakukubali kama ilikuwa lazima afe.

Hakuanza na mugonjwa. Alienda kwa Madame Leroudier, fundi wa kudarizi, mwanamuke wa Lyon, kujifunza kushika sindano ndogo sana na uzi mwembamba wa hariri. Akazoeza vidole vyake kwenye karatasi. Karatasi ikipasuka unatupa, unaanza tena, hakuna mutu anayelia. Kiisha akafanya kwa mishipa ya mbwa.

Mwaka 1902 akatangaza njia yake. Mushipa ni mviringo na ni laini, ukiushona vibaya sindano inashika ukuta wa ngambo na damu haipiti tena. Carrel aliweka nyuzi tatu kuzunguka mudomo wa mushipa, akazivuta, mviringo ukakuwa na pembe tatu. Kila upande ukanyooka sawa pindo la nguo, akashona. Sindano na uzi alivipaka vaselini ili damu isigande.

Mwaka 1904 alivuka bahari. Kule Chicago, pamoja na Charles Guthrie, alihamisha figo za mbwa na kuziunga upya. Mwaka 1906 akaingia kazi New York, na mwaka 1912 akapewa zawadi ya Nobel. Wakati wa vita ya 1914, yeye na mwanakemia Henry Dakin walitafuta namna ya kuosha vidonda vya askari, mikono na miguu mingi ikaponea kukatwa.

Lakini tuseme yote. Mwaka 1935 aliandika kitabu ambamo alisema watumishi maskini wako chini juu ya kasoro walizorithi katika mwili na akili. Alitaka pia wahalifu wakubwa wauawe kwa gazi. Wakati Wajerumani walipokalia Ufaransa, alipokea cheo kwa serikali ya Vichy. Alikufa Paris mwezi wa 11 mwaka 1944. Mwaka 1996 chuo cha unganga cha Lyon kiliondoa jina lake.

Sisi watu wa sendika tunamujibu hivi: vidole vyake vilifundishwa na mwanamuke aliyeishi kwa kazi ya mikono. Na mwaka 1963, kule Shanghai, waganga walirudisha mukono wa mutumishi wa kiwanda uliokatwa kabisa na mashini, wakaunga mishipa yake. Kazi ya Carrel iliponya wale wale aliowazarau.

Leo wanafunzi wa kazi hii wanaanza kwa vimipira vyembamba vya silikoni, wanaendelea kwa mishipa ya paja la kuku, kiisha panya. Hapo tu njo wanafika kwa mutu. Basi, tukikaa mezani na wakubwa kuzungumza matunzo, tusiulize paka dawa na vitanda. Tuulize pia: munganga atakayeshona vidole vya mutumishi, alijizoeza wapi, na mara ngapi?