Alfred Smith, Mbunge Aliyetoka Sokoni

Yubile ya parokia ni wakati wa kuwakumbuka mapadri na masista waliopanda imani. Lakini Mungu huwaita walei pia, na wengine huwaita wakae katika mabaraza ya nchi, pale sheria zinapotungwa. Ndiyo sababu tumependa kuwasimulia, wapendwa wasomaji, maisha ya Alfred Smith, mkristu wa mji wa New York huko Marekani, aliyekaa bungeni miaka 12.

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1873, katika mtaa wa wahamiaji maskini karibu na bandari. Baba yake alikuwa mchukuzi wa mizigo kwa magari ya farasi. Mama yake alikuwa wa ukoo wa Ireland. Kijana alisoma katika shule ya parokia ya Mtakatifu Yakobo, akatumikia misa altareni. Baba alipofariki mwaka 1886, familia ilibaki katika shida. Smith akaacha shule kabla ya kumaliza darasa la nane, akatafuta kazi ili mama na dada yake wapate riziki. Baadaye aliajiriwa katika soko la samaki la Fulton, ambako kazi ilianza kabla ya mapambazuko.

Mwaka 1903 alichaguliwa kuwa mbunge wa jimbo la New York, akaenda Albany, mji mkuu wa jimbo hilo. Tusifiche ukweli: aliinuliwa na Tammany Hall, kundi la siasa lililojulikana kwa hongo na upendeleo, na mbunge mgeni alitazamiwa kupiga kura kama wakubwa wa kundi walivyoagiza. Ndivyo alivyofanya yeye naye. Vikao vya kwanza vilikuwa mateso kwake. Miswada ya sheria ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya wanasheria, naye hakuielewa, akakaa kimya. Kisha akaamua kujifunza. Usiku, wenzake walipokwenda kustarehe, alibaki chumbani akisoma miswada yote, hata hesabu za matumizi ya serikali. Wakati ule wabunge walichaguliwa kila mwaka, na watu wa mtaa wake walimrudisha mara kwa mara, hata akachaguliwa mara 12. Mwaka 1913 akawa Mwenyekiti wa Bunge hilo.

Lakini kuelewa sheria hakutoshi. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, mjini New York, kwenye ghorofa za juu. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, na ngazi za wazima moto hazikufika juu. Watu 146 walikufa, wengi wao wakiwa wasichana wa kihamiaji. Smith alikwenda kuzitembelea familia zilizofiwa.

Mwaka ule ule iliundwa tume ya kuchunguza viwanda. Robert Wagner akaiongoza, Smith akiwa msaidizi wake. Frances Perkins, mtetezi wa wafanyakazi, aliwapeleka wajionee mambo kwa macho yao. Huko Auburn Smith aliwaona wanawake wakitoka katika kiwanda cha kamba asubuhi, baada ya kazi ya usiku ya saa kumi. Katika viwanda vya kutia mboga mikebeni walikuta watoto wadogo wakifanya kazi. Kutokana na uchunguzi huo zilipitishwa sheria zaidi ya 30: juu ya milango ya kutokea, kinga ya moto, usafi, kazi ya watoto na siku moja ya pumziko kila juma. Wenye viwanda vya mikebe walipoomba wasihesabiwe katika sheria ya pumziko, Smith aliwajibu kwamba katika amri ya Mungu ya kuitakasa siku ya Bwana hakuona neno lolote linaloviachilia viwanda vyao.

Aliondoka bungeni mwaka 1915. Baadaye alichaguliwa kuwa liwali wa jimbo mara nne. Mwaka 1928 chama cha Wademokrati kilimteua agombee urais, mkatoliki wa kwanza kuteuliwa hivyo na chama kikubwa cha nchi ile. Wengi walimpinga kwa sababu ya dini yake, wakidai kwamba angemtii Papa kuliko sheria za nchi. Alishindwa na Herbert Hoover, wala hakuiacha imani yake. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1944, miezi mitano baada ya mke wake Catherine. Mwaka 1960 mkatoliki mwingine, John Kennedy, alichaguliwa rais.

Basi tunajifunza nini? Smith aliingia bungeni kwa mkono wa wakubwa, lakini heshima aliipata kwa kusoma, kwa kwenda kuona, na kwa kuwakumbuka watu aliotoka kwao. Upendo wa jirani ulimfikisha hata kwenye mambo madogo ya sheria: mlango usifungwe, ngazi ifike, mtoto asifanye kazi ya mtu mzima. Tuwaombee wote waliokabidhiwa mamlaka wawe na macho ya namna hiyo.