Simon Kimbangu: hukumu iliyofutwa miaka 60 baada ya kifo

Simon Kimbangu wa Nkamba, Bas-Congo, alikuwa katekista wa Waprotestanti. Kuanzia Aprili 1921 watu walimiminika kwake wakisema anaponyesha wagonjwa. Kazi za wazungu zikaachwa, serikali ya Wabelgiji ikaogopa.

Mwezi wa Septemba alijitoa mwenyewe. Tribinali ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu bila avoka. Tarehe 3 Oktoba ilimkatia kifo na fimbo 120, na rufaa hakuna. Mfalme Albert akageuza kifo kuwa kifungo cha maisha.

Alifungwa Elisabethville, leo Lubumbashi, mbali na bibi yake na watoto. Alifia mule tarehe 12 Oktoba 1951, kisha miaka 30. Wafuasi wake wengi walihamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa, kando ya Lualaba.

Hukumu ile ilifutwa mwaka 2011 na Mahakama Kuu ya Kijeshi, Kinshasa. Yeye hakuiona siku ile. Huku Ituri na Nord-Kivu, état de siège ya 2021 ilipeleka tena kesi za jinai za raia mbele ya tribinali za kijeshi. Mwenye kushtakiwa adai avoka tangu siku ya kwanza: hukumu mbaya inaweza kufutwa, lakini miaka ya gereza hairudi.