Mfahamu Jon Postel, aliyetunza daftari la intaneti kwa karibu miaka 30

Msikilizaji wetu uliyeko Mwika, Kibosho au Uru, huenda hujawahi kulisikia jina la Jon Postel. Mmarekani huyu alifariki Oktoba 16, 1998, wakati ambapo katika vijiji vingi vya Kilimanjaro hata simu ya mezani ilikuwa ya kutafuta. Hata hivyo, kila ujumbe wa WhatsApp unaotoka kwenye simu yako, na hata matangazo yetu unayoyapata kwa intaneti, husafiri kwa kanuni ambazo yeye aliziandika, alizihariri na kuzitunza.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake. Kwa njia hiyo tunajibu pia swali linaloulizwa mara kwa mara: intaneti ni ya nani, na nani aliyeweka sheria zake?

Ndani ya simu yako

Kabla ya kumfuata Postel, tuangalie kwanza kazi yake inakaa wapi ndani ya simu.

Kila simu janja ina programu kuu inayoitwa mfumo endeshi. Katikati ya mfumo huo kuna kiini, ambacho mafundi hukiita kerneli. Kiini ndicho kinachogawa kazi: programu ipi ipate kumbukumbu kiasi gani, ipi itumie kamera, ipi ipite hewani. WhatsApp haina ruhusa ya kuishika antena moja kwa moja. Ni lazima ipige hodi kwa kiini.

Kiini nacho hakiwezi kujua tabia za kila kifaa. Chipu ya Wi-Fi ya kampuni moja haifanani na ya kampuni nyingine, kama trekta lisivyofanana na Fuso. Kwa hiyo kila kifaa kina dereva wake, yaani programu ndogo inayojua gia za kifaa hicho tu. Ukichomeka modemu kwenye kompyuta ikakataa kusoma, mara nyingi shida ni kwamba dereva wake hayupo, au aliyepo si wa kifaa hicho.

Juu ya madereva hao, ndani ya kiini hichohicho, ndipo zinapokaa itifaki za mtandao. Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuzungumza. Chukua mfano wa gunia la kahawa linalotoka chama cha msingi huko Marangu. Limeandikwa linakotoka na linakokwenda. Linaweza kushuka kwa pikapu hadi Himo, likapanda lori hadi Moshi mjini, kisha likapakiwa kwenye treni ya Tanga. Vyombo vimebadilika mara tatu, lakini kila mpokeaji njiani amesoma maandishi yaleyale.

Itifaki ya IP ndiyo maandishi juu ya gunia. Data hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti, na kila pakiti huandikwa namba ya mtumaji na namba ya mpokeaji. Itifaki ya TCP ni kama karani wa ghala: anahesabu magunia, anatoa stakabadhi, na gunia la 7 likikosekana anaagiza litumwe tena. Iko nyingine iitwayo UDP, isiyo na karani. Yenyewe hutuma na kusonga mbele. Hutumika pale ambapo kuchelewa ni kubaya kuliko kupoteza kidogo, kama kwenye maongezi ya sauti.

Itifaki ya UDP aliiandika Postel, na ilitolewa Agosti 1980. Hati za IP na TCP zilizotolewa Septemba 1981, ambazo ndizo zilizoujenga mtandao tunaoutumia, mhariri wake ni yeye, akifanyia kazi mawazo ambayo Vint Cerf na Robert Kahn waliyatoa mwaka 1974.

Kijana wa California

Jonathan Bruce Postel alizaliwa Agosti 6, 1943, Altadena, katika jimbo la California, Marekani. Alisoma sekondari ya Van Nuys mjini Los Angeles, shule hiyohiyo waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker, ambao baadaye walikuwa wenzake katika kazi ya mtandao. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikopata shahada ya kwanza mwaka 1966, ya pili mwaka 1968, na udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 1974.

Alikuwa bado mwanafunzi wakati wizara ya ulinzi ya Marekani ilipogharimia mradi wa kuunganisha kompyuta za vyuo vilivyo mbalimbali, ulioitwa ARPANET. Chuo chake kilikuwa kituo cha kwanza. Oktoba 29, 1969, kompyuta ya hapo ilijaribu kutuma neno moja kwa kompyuta nyingine iliyokuwa kaskazini mwa jimbo hilo. Herufi mbili zilifika, kisha mfumo ukaanguka. Baadaye siku hiyohiyo walirudia na wakafanikiwa. Postel alikuwa mmoja wa vijana wa maabara hiyo.

Waliomfahamu wanamkumbuka kama mtu mwenye ndevu ndefu, aliyependa kuvaa makubazi na asiyependa kujitangaza. Mapumziko yake yalikuwa kutembea kwa miguu na mzigo mgongoni katika milima ya Sierra Nevada. Kwa sisi wa mkoa huu ni vyema kujua kwamba kilele kirefu kuliko vyote vya milima hiyo kina mita 4,421, pungufu ya Kibo kwa karibu mita 1,500.

Hati zisizouzwa

Aprili 1969, Steve Crocker alianza kuandika hati fupi za kueleza jinsi kompyuta zitakavyozungumza. Wakiwa wanafunzi tu, waliogopa kuonekana wanawaamuru wakubwa. Wakaziita hati hizo maombi ya maoni. Jina hilo la unyenyekevu limebaki hadi leo, ingawa nyingi kati yake zimekuwa sheria za mtandao.

Postel ndiye aliyekuwa mhariri wa hati hizo mpaka alipofariki. Alizisoma, alisahihisha lugha, alirudisha zile zisizoeleweka, na alizipa namba. Yeye mwenyewe ameandika au kushiriki kuandika zaidi ya 200, pamoja na ile ya mwaka 1982 inayoeleza jinsi barua pepe inavyopelekwa.

Jambo kubwa ni kwamba hati hizo zilitolewa bure. Hukuhitaji kuwa mfanyakazi wa kampuni fulani wala kulipa ada ya leseni. Mwanafunzi yeyote aliyeweza kuzipata aliweza kuandika programu ikazungumza na mtandao mzima.

Katika hati za IP na TCP Postel aliweka pia kanuni iliyopewa jina lake. Kwa maneno yetu: unapotuma, fuata utaratibu barabara, unapopokea, mvumilie mwenzako aliyekosea kidogo ilimradi unamwelewa. Kanuni hiyo ilisaidia sana siku ambazo kila kiwanda kilitengeneza kompyuta kwa namna yake. Baadhi ya wataalamu wa sasa wanaipinga. Wanasema uvumilivu ukizidi, makosa hayarekebishwi, na wahalifu wa mtandaoni hupata upenyo wa kuingilia. Mjadala huo bado unaendelea.

Siku ya kuhama

Mwanzoni ARPANET ilitumia itifaki nyingine ya zamani. Novemba 1981 Postel aliandika mpango wa kuhama: ifikapo Januari 1, 1983, kila kompyuta iwe inatumia TCP na IP. Isiyohama ingejikuta imebaki peke yake.

Hapo ndipo viini vya mifumo endeshi vilipolazimika kubadilishwa. Mafundi wa kila chuo walipaswa kuandika upya sehemu ya mtandao na kuiunganisha na madereva ya vifaa vyao. Wapo waliochelewa, na kuhama kwenyewe kulileta usumbufu. Mwaka huohuo wa 1983, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa mfumo endeshi wa Unix wenye itifaki hizo ndani ya kiini chake, na vyuo vingi vikauchukua. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alianza kuandika kiini kiitwacho Linux. Itifaki zilezile ziliingizwa humo na watu waliojitolea. Simu zote za Android zinatumia kiini cha Linux.

TZ iliingiaje?

Tangu mwaka 1977 Postel alifanya kazi katika taasisi ya sayansi ya habari ya Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Huko, pamoja na msaidizi wake Joyce Reynolds, alitunza daftari la namba na majina yote ya mtandao. Daftari hilo lilikuwa na kazi inayofanana na ya daftari la mipaka ya vihamba. Namba moja ikipewa watu wawili, ugomvi hauepukiki, na pakiti hazijui ziende kwa nani.

Ilipofika zamu ya nchi kupewa herufi zake, swali gumu lilizuka: nchi ni ipi na ipi si nchi? Postel alikataa kuwa mwamuzi wa siasa hizo. Alitumia orodha ya herufi mbilimbili ambayo tayari ilikuwa imewekwa na shirika la viwango la kimataifa. Zaire ilipobadilika kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, orodha ilibadilisha ZR ikawa CD, na daftari la intaneti likafuata.

Kenya ilipata KE mwaka 1993. Uganda ilipata UG, na Tanzania ikapata TZ, mwaka 1995. Katika hati yake ya Machi 1994, Postel alieleza kwamba anayekabidhiwa herufi za nchi ni mdhamini tu. Si mali yake. Anazishika kwa niaba ya wananchi wa nchi hiyo na ya watumiaji wa mtandao duniani, na anapaswa kuwatendea wote kwa haki.

Shule, halmashauri au chama cha ushirika chenye anwani inayoishia na TZ kinatumia nafasi iliyofunguliwa wakati huo. Herufi hizo leo zinasimamiwa hapahapa nchini. Namba za IP za Afrika nazo zimekuwa zikigawiwa na shirika la Kiafrika, AFRINIC, lenye makao Mauritius, lililotambuliwa rasmi mwaka 2005.

Januari 1998

Kufikia miaka ya 1990 intaneti ilikuwa imeingia fedha nyingi. Majina ya kikoa yalikuwa yanauzwa, na kampuni ya Network Solutions ilikuwa na mkataba wa serikali ya Marekani wa kuyasajili. Kazi iliyofanywa kwa kuaminiana ilianza kugombewa na mawakili, wafanyabiashara na serikali.

Januari 28, 1998, Postel aliwaandikia barua pepe wasimamizi wa seva nane kati ya 13 zilizo kwenye shina la majina ya intaneti. Aliwaomba waache kuchukua orodha kuu kutoka seva ya Network Solutions, wachukue kutoka kwake. Wote wanane walikubali. Watumiaji wa kawaida hawakuona tofauti yoyote, lakini Washington ilishtuka. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Bill Clinton, alimtaka arudishe mambo yalivyokuwa. Postel alisema lilikuwa jaribio tu, na ndani ya siku chache akarudisha.

Wengine wanasema alivuka mipaka, kwa kuwa mtu mmoja asiyechaguliwa hakupaswa kuwa na uwezo huo. Wengine wanasema alitaka kuonyesha kwamba mtandao hauendeshwi kwa amri ya kampuni wala serikali moja, na kwamba waliokuwa wakiutunza walimwamini yeye. Pande zote mbili zilikubaliana jambo moja: daftari la dunia nzima lisingeweza kuendelea kutegemea mtu mmoja.

Mwisho wake, na kilichobaki

Postel alitumia miezi yake ya mwisho kusaidia kuunda shirika la kumrithi. Shirika hilo, ICANN, liliandikishwa California Septemba 30, 1998. Hakuliona likianza kazi sawasawa. Alikuwa na tatizo la moyo na alishafanyiwa upasuaji wa kubadilisha vali mwaka 1991. Oktoba 1998 tatizo lilirudi, na alifariki mjini Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji mwingine. Alikuwa na miaka 55.

Vint Cerf aliandika tanzia yake, ikatolewa kama hati katika mfululizo uleule aliouhariri marehemu. Serikali ya Marekani iliendelea kuwa msimamizi wa daftari hilo hadi Oktoba 1, 2016, ilipoliachia ICANN moja kwa moja.

Kwa hiyo, msikilizaji, jibu la swali letu ni hili. Kampuni zinamiliki nyaya, minara na seva. Sheria za kuzungumza hazimilikiwi na yeyote. Zimeandikwa wazi, na mtu yeyote anaweza kuzisoma.

Kama unatumia simu ya Android, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, halafu maelezo ya toleo la Android. Kwenye simu nyingi utaona mstari wa toleo la kerneli. Hicho ndicho kiini tulichokieleza, na itifaki alizozihariri Postel zimo humo. Rudi kwenye taarifa za hali ya simu, na hapo utakuta namba ya IP uliyopewa kwa sasa.

Ukiwa na swali kuhusu simu au mtandao, tutumie kwa ujumbe mfupi. Tutalijibu hewani na kuliandika hapa.