Emily Roebling: Feri ilimuua baba mkwe, hesabu ikajenga daraja

Kama unaishi Tiwi na shughuli zako ziko Mombasa kisiwani, Likoni unaijua: foleni, jua, halafu feri inajaa kabla zamu yako kufika. Sasa tulia nikupe stori ya mwanamke wa New York ambaye familia yake pia ilikuwa na kisa na feri.

Emily Warren alizaliwa 1843 katika mji mdogo wa Cold Spring. Mwaka 1865 akaolewa na Washington Roebling, mhandisi, mwana wa mhandisi John Roebling. Mzee huyo ndiye aliyebuni Daraja la Brooklyn, ili watu waache kutegemea feri. Mwaka 1869, akipima mahali pa kulijenga, feri iligonga gati ikamponda mguu. Wiki chache baadaye akafa kwa pepopunda.

Washington akashika kazi. Vibarua walichimba msingi chini ya maji, ndani ya masanduku makubwa ya mbao yaliyojazwa hewa ya shinikizo. Waliopanda juu upesi waliugua vibaya, wengine wakafa. Mwaka 1872 yeye mwenyewe akaugua, akawa mtu wa chumbani.

Emily hakuwa amesomea uhandisi. Angeweza kuwa wa kupeleka barua za mumewe tu. Lakini mafundi walikuwa na maswali, na mjengoni hujibu swali kwa salamu. Basi akaketi akasoma hisabati ya juu, nguvu za vifaa, na namna kamba za daraja zinavyopinda. Kwa miaka kama kumi na moja, yeye ndiye aliyekuwa macho na mdomo wa mhandisi mkuu.

Kwani hesabu ina kazi gani hapo? Funga kamba ya kuanikia nguo kwenye minazi miwili. Ukiikaza inapendeza, lakini punguza kulegea kwake kwa nusu uone: mvuto unakaribia maradufu. Daraja la Brooklyn linaning'inia kwa kamba nne za chuma, na kati ya minara miwili ni mita 486. Kalkulasi, ileile ya kidato cha nne ikisogezwa mbele, ndiyo inayokwambia kamba itapinda vipi na itavutwa kwa nguvu gani. Daraja halijengwi kwa kubahatisha.

Mwaka 1878 ikagundulika kuwa muuzaji amekuwa akipenyeza waya mbovu, na mwingi ulishasukwa ndani ya kamba. Kubomoa haiwezekani. Bahati ni kwamba kamba zilipigiwa hesabu ziwe na nguvu mara sita ya zinazohitajika. Wakapiga upya: bado zina nguvu ya kutosha. Wakaongeza nyaya 150 kwa kila kamba, kazi ikaendelea.

Kabla ya ufunguzi wa 24 Mei 1883, Emily alilivuka kwa gari la farasi, jogoo mkononi, ishara ya ushindi. Alifariki 1903. Daraja lipo hadi leo.

Sisi Pwani tunajua bei ya kuvuka maji. Mnamo 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, watu 272 wakafa. Na daraja la Likoni bado ni mipango. Wewe unayetaka uhandisi lakini unatafuta njia ya kuikwepa hesabu, jua siku moja watu watapita juu ya majibu yako. Kaa nayo.